Mtetea, wala si jogoo, ndiye huamua jinsia ya kifaranga

KATIKA maboma mengi ya Kakamega, ambako mgeni wa heshima hupokewa kwa ingokho, yaani kuku, kuna lalamiko lisilozeeka: mbona mtetea huyu ameangua majogoo watupu? Aghalabu lawama humwangukia jogoo. Wapo pia wanaochagua mayai kwa umbo, ya mviringo au yaliyochongoka, na wengine huchezea joto la mashine ya kuangulia.

Jogoo anaonewa. Kwa binadamu, mbegu ya baba ndiyo huamua jinsia, maadamu hubeba kromosomu ya X au Y. Kwa ndege ni kinyume. Jogoo ana Z mbili, mtetea ana Z moja na W moja. Hivyo jogoo hutoa Z pekee, ilhali mtetea hutoa Z au W. Hilo huamuliwa kabla ganda halijaumbwa, na umbo la yai halifichui lolote. Joto huamua jinsia ya mamba, si ya kuku; kuliondoa kwenye nyuzi 37.5 hivi ni kuhatarisha vifaranga bure.

Hata hivyo, kwa siku tano hivi za mwanzo za kuatamiwa, tezi za uzazi za viinitete vyote hufanana. Njia huachana kuanzia siku ya sita. Jeni iitwayo DMRT1 imo kwenye Z. Penye Z mbili, nguvu yake huwa maradufu, nayo huzielekeza tezi kuwa korodani. Penye Z moja, homoni ya estrojeni huanza kutengenezwa na tezi ya kushoto huwa ovari, huku ya kulia ikinywea. Ndiyo maana anayempasua mtetea jikoni hukuta viini vya mayai machanga upande mmoja tu.

Mnamo 2009, watafiti wa Melbourne, Australia, walipunguza nguvu ya DMRT1 katika viinitete vya kiume, na tezi zikaanza kugeuka za kike. Mwaka wa 2021, wenzao wa Taasisi ya Roslin, Uskoti, walieleza kuhusu kuku wenye Z mbili walioondolewa nakala moja ya jeni hiyo: waliota ovari, ila kwa uzito na vipi vya miguuni walibaki majogoo. Kumbe seli za ndege zina jinsia yake hata pasipo amri ya homoni.

Kwa wastani, nusu ya vifaranga ni majogoo. Ujerumani ilipiga marufuku kuua vifaranga vya kiume kuanzia 2022, na sasa baadhi ya mayai hupimwa kabla ya kuanguliwa. Kakamega, jogoo wa kienyeji husubiriwa na wanunuzi wa Desemba.