Atomu ngeni ndani ya sola: fizikia inayofanyika kwa kompyuta, hata Kisii

Paneli za sola zimejaa juu ya mabati ya Kisii na Nyamira kama zilivyojaa kwetu Kilifi na Lamu. Nyingi ni za silikoni, ambayo ni semikondakta: haipitishi umeme vizuri kama shaba, wala haiuzuii kabisa kama glasi. Silikoni tupu haifai sana. Huanza kazi inapotiwa atomu ngeni, kwa mfano boroni, tena kidogo mno: takriban atomu moja kwa kila milioni 3 hadi 5 za silikoni. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Ukimwingiza mgeni mmoja tu katika kaunti zote mbili, tayari umezidisha kipimo.

Mgeni huyo ana hasara zake. Ndani ya silikoni mara nyingi hubaki oksijeni, na jua likiwaka, boroni na oksijeni hutengeneza kasoro inayomeza sehemu ya umeme. Paneli mpya inaweza kupoteza asilimia chache ya nguvu zake siku za mwanzo tu, na mwenye nyumba akadhani fundi amemwibia. Viwanda vingi vimeacha boroni na kutumia galiamu kwa sababu hiyo.

Atomu isiyoonekana hutambuliwaje? Kwa mtetemo wake. Atomu zimeshikana kana kwamba zimefungwa kwa springi, na iliyo nyepesi hutetemeka haraka zaidi. Uzito wa silikoni ni 28, wa boroni ni 11. Mitetemo ya silikoni yenyewe hukomea karibu mara trilioni 15.6 kwa sekunde. Boroni hufika trilioni 18.6, na ile isotopu yake ya uzito wa 10 hufika trilioni 19.3. Sauti ya mgeni iko juu ya kwaya nzima ya wenyeji, na mwanga wa infraredi huinasa.

Kwenye aloi mambo huchafuka. Changanya silikoni na jemaniumu, yenye uzito wa 73 hivi, na boroni itakuwa na majirani wanne ambao huenda wote ni silikoni, au mmoja ni jemaniumu, au wawili. Kila ujirani una mtetemo wake. Kipimo cha maabara huonyesha mkusanyiko wa sauti, na bila hesabu ni vigumu kujua ipi ni ya nani.

Hesabu yenyewe inatokana na nadharia aliyoianzisha Walter Kohn na wenzake miaka ya 1964 na 1965, iliyompa Tuzo ya Nobel ya Kemia 1998. Mtafiti hujenga kisanduku cha atomu, tuseme 64 au 216, huweka boroni moja, husogeza kila atomu kidogo na kupima nguvu inayoirudisha. Ukizidisha atomu mara mbili, muda wa kompyuta unaweza kuongezeka mara nane. Na tusidanganyane: boroni moja kati ya 216 ni msongamano mkubwa kuliko ulio kwenye paneli halisi, kwa hiyo jibu lazima lijaribiwe kwa visanduku vikubwa zaidi.

Kenya si mgeni katika kazi hii. Shule ya Afrika ya mbinu hizi, ASESMA, ilianza Cape Town 2010 na mwaka 2012 ilifanyika Eldoret. Programu ya Quantum ESPRESSO ni ya bure. Kusafisha silikoni kunahitaji kiwanda cha mabilioni, lakini mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopata hati yake 2013, anahitaji kompyuta, umeme usiokatika na mtu wa kumwongoza. Hili la tatu ndilo adimu, na ndilo kaunti zingefaa kulifadhili.

Anayetaka kujaribu aanze na silikoni tupu, atomu 2 tu, kwenye laptopu yake. Akikaribia 15.6, aongeze kisanduku na kuingiza boroni. Asipoikaribia, akague mipangilio yake kabla ya kuilaumu programu.