Kelele Kwenye Kompresa ya AC? Kabla ya Kununua Nyingine, Cheki Beringi ya Puli

Gari linatoa mluzi au mkwaruzo upande wa mikanda, na ukikanyaga mafuta kelele inapanda. Hapo kuna uwezekano mkubwa beringi moja imechoka. Inaweza kuwa ya alteneta, ya pampu ya maji, ya tensheni au ya puli ya kompresa ya AC. Hii ya mwisho ndiyo inayowala watu hela, maana ukifika gereji jibu la haraka ni "kompresa imekufa boss, tubadilishe nzima."

Subiri kwanza. Beringi ya puli iko nje ya kompresa, imevaa kwenye pua yake ya mbele. Gesi na oili viko ndani, nyuma ya sili ya shafti. Kwa hiyo beringi inabadilishwa bila kufungua bomba na bila kumwaga gesi. Nafasi ikiwa finyu, kompresa inafunguliwa boliti zake na kusogezwa pembeni mabomba yakiwa yamefungwa vilevile. Fundi akisema lazima amwage gesi ili abadilishe beringi tu, muulize kwa nini.

Wengine husema, "Mimi hata AC siwashi." Haisaidii. Mkanda unazungusha puli muda wote injini ikiwaka. Ukiwasha AC, koili inavuta sahani ya klachi, inashikana na puli, ndipo shafti ya kompresa inazunguka. Ina maana kutoka Dakawa mpaka Dodoma, hata ukiwa umefungua vioo, beringi iko kazini. Ndiyo maana kelele ya beringi ya puli inasikika AC ikiwa imezimwa. Kelele inayokuja AC ikiwashwa tu inaelekeza zaidi kwenye klachi au ndani ya kompresa.

Kuhakikisha, zima injini, toa mkanda, kisha zungusha puli kwa mkono. Nzima inazunguka kimya na laini. Iliyokufa inakwaruza kama ina mchanga, na ukiitikisa mbele na nyuma inacheza. Zungusha na puli nyingine hapohapo, usije ukafungua isiyo na kosa.

Usiiache ikilia wiki nzima. Fungua boneti uhesabu mikanda. Kama kompresa ina mkanda wake peke yake, unaweza kuutoa ukaendelea na safari bila AC. Lakini magari mengi yana mkanda mmoja unaozungusha pia alteneta na pampu ya maji. Beringi ikikwama, mkanda unaungua au unakatika, betri haichajiwi, maji hayazunguki, gari linachemsha. Ukifikwa na hayo usiku katikati ya Dumila na Gairo, utalala barabarani. Puli inayoyumba pia inasugua koili, na koili ikiungua gharama imeongezeka.

Kwa magari ya huku, yanayoingia mashambani kubeba mpunga, vumbi na tope vinachangia. Halafu kuna kuosha injini kwa maji ya presha: ukielekeza mpira kwenye puli, maji yanapita kwenye mpira wa beringi na kuitoa grisi. Osha injini, ila puli ziache.

Kazi yenyewe iko hivi. Chomoa waya hasi wa betri, toa mkanda. Zuia sahani ya klachi isizunguke, fungua boliti ya katikati, vuta sahani. Hapa tulia: kwenye magari mengi, ndani kuna washa nyembamba sana zinazopanga nafasi kati ya sahani na puli. Zikidondoka kwenye mchanga wa gereji ya chini ya mti, ndiyo mwanzo wa matatizo. Kisha toa saklipu kwa plaizi yake, vuta puli. Ikigoma tumia pula, usigonge ukingo wa puli kwa nyundo.

Beringi ya zamani usiitupe, ndiyo oda yako. Soma namba kwenye ubavu wake, au pima tundu la ndani, upana wa nje na unene kwa milimita. Kipimo kinachokutwa mara nyingi ni 35 x 50 x 20, lakini usinunue kwa kukisia. Kama maduka ya Morogoro mjini hayana, agiza Kariakoo, Gerezani. Kununua beringi yenye jina, hata kama bei imezidi kidogo, ni bora kuliko kurudia kazi baada ya miezi mitatu.

Kuingiza mpya kunahitaji presi au vaisi imara. Sukuma kwenye ringi ya nje tu. Ukisukuma ya ndani, nguvu inapita kwenye gololi na beringi inaharibika kabla haijatembea. Ile ya zamani inafaa kuwa kifaa cha kusukumia.

Ukirudisha, pima nafasi kati ya sahani na puli kwa fila geji. Kwa kompresa nyingi ni kati ya milimita 0.3 na 0.6. Ikiwa ndogo mno, sahani inasugua hata AC ikiwa imezimwa. Ikiwa kubwa mno, klachi inateleza au haishiki kabisa.

Kuna wakati fundi yuko sahihi kusema kompresa ibadilishwe. Puli imetoka, zungusha shafti kwa mkono: ikiwa imekwama au inakwaruza, ndani kumeharibika. Angalia pia pua ya kompresa kama imelika na beringi inacheza juu yake, na kama kuna vumbi lenye mafuta kuzunguka shafti. Hiyo ni sili inavuja, na beringi mpya haitaizuia gesi kutoka.