Anwani ya Hukumu: Historia Fupi ya Mitindo ya Kurejelea Mashauri

Makala haya yanadai kwamba historia ya mitindo ya kurejelea mashauri ni historia ya umiliki: nani anaitolea hukumu anwani, na nani hulazimika kulipa ili aifikie.

Nchini Uingereza, kabla ya 1865, hukumu zilikusanywa na waandishi binafsi, na kila mkusanyo ulijulikana kwa jina la mwandishi wake. Mwaka huo liliundwa baraza maalumu la kuchapisha ripoti za sheria, na ripoti zake zikawa za kutangulizwa mahakamani. Hivyo, shauri la Donoghue dhidi ya Stevenson hurejelewa [1932] AC 562, yaani mwaka, kifupisho cha ripoti na ukurasa wa kwanza. Mabano ya mraba huonyesha kwamba mwaka ndio unaoitambulisha juzuu. Marekani, juzuu zina namba zake, na mwaka hufuata mwishoni katika mabano ya duara: shauri la Brown kuhusu ubaguzi shuleni ni 347 U.S. 483 (1954). Mwongozo wa huko, Bluebook, ulitoka mara ya kwanza mwaka 1926. Ule wa McGill nchini Kanada ulitoka 1986.

Mitindo hiyo yote ilitegemea ukurasa wa kitabu, na kitabu kilikuwa na mwenyewe. Mwaka 1986, mahakama ya rufaa ya shirikisho nchini Marekani iliiunga mkono kampuni ya West iliyodai haki juu ya mpangilio wa kurasa zake. Mwaka 1998, mahakama nyingine ya ngazi hiyo iliamua kinyume katika shauri la Matthew Bender. Wakati huohuo, Mahakama Kuu ya Australia (1998), Kanada (1999) na Uingereza (2001) zilianza kutumia rejeleo lisilomtegemea mchapishaji: mwaka, kifupisho cha mahakama na namba ya hukumu, pamoja na aya zenye namba badala ya kurasa.

Mahakama za Afrika Mashariki zilirithi utaratibu wa Uingereza, na kwa miaka mingi mashauri ya kanda yalitafutwa katika juzuu zenye kifupisho EA. Leo hukumu za mahakama za rufani za Kenya na Tanzania hubeba alama za KECA na TZCA. Nchini Tanzania jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa sheria ya mwaka 2021 iliifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Jina la shauri hubadilika kwa kutafsiriwa. Mdaawa aliyeandikwa "Republic" huwa "Jamhuri", na mtafutaji anaweza kudhani ni mashauri mawili. Namba haitafsiriwi.

Hata hivyo, namba haimfai mwananchi iwapo hukumu yenyewe haisomeki bila malipo. Inapendekezwa, basi, kwamba mahakama zitoe namba siku hukumu inaposomwa, zitie namba kila aya, na ziweke matini kamili hadharani katika lugha iliyotumika kuamua.