Nani Anakula Firigisi? Sanaa, wageni na uongozi katika mji wa Lubumbashi

Kwetu Katanga, kuku akipikwa, kuna kipande kimoja ambacho watoto hawakigusi: ni firigisi. Inawekwa kando ya bukari, inangojea mkubwa wa nyumba ao mgeni wa heshima. Mtoto akiiiba, hata kwa njaa, kesi yake inasikilizwa na jamaa yote.

Mwaka wa 1986, Johannes Fabian, mwanaelimu wa anthropolojia aliyezaliwa Ujerumani na aliyekuwa amefundisha katika chuo kikuu chetu miaka ya 1970, alikuwa Lubumbashi tena. Katika mambo ya kula ile firigisi akasikia methali moja, ambayo watu wa mji wanapenda kuisema hata kwa Kifaransa: le pouvoir se mange entier, ukubwa unaliwa mzima, haugawanywi. Akapeleka neno hilo kwa marafiki zake wa Groupe Mufwankolo, waigizaji ambao wazee wetu wote wanawakumbuka kwa redio na televisheni. Akawauliza: maana yake nini?

Wale hawakumjibu kwa hotuba. Wakasema: hii itakuwa mchezo wetu. Wakakaa, wakabishana juu ya methali yenyewe, wakatafuta hadithi, wakagawana kazi: huyu chifu, huyu notable, huyu bibi ya chifu. Hakuna aliyeandika maneno ya kukariri. Kila mmoja alijua tu njia ya hadithi, maneno yalikuja wakati wa mazoezi, kwa Kiswahili chetu cha hapa. Mwisho wakaenda kuchezea katika kijiji cha Kawama, kamera ya televisheni ikashika. Fabian akaandika kitabu juu yake, kikatoka Marekani mwaka wa 1990. Mchambuzi alikuwa mgeni, lakini kazi iliongozwa na wenyeji, na ndani ya kitabu maneno yao ya Kiswahili yamepigwa chapa jinsi walivyoyasema.

Tumeanza na hadithi hiyo sababu siku hizi, katika mji wetu, tunasikia mingi juu ya programu za kufundisha vijana uongozi kwa njia ya sanaa, watu wa tamaduni mbalimbali pamoja, kwa ajili ya maendeleo yenye kudumu. Maneno mazuri. Lakini watu wengi wanafikiri kwamba hii kazi imeanza juzi na ONG. Hapana. Lubumbashi inaifanya tangu miaka 80, na kila mara swali ni lilelile la kuku: nani anakula firigisi?

Turudi mwaka wa 1946. Elisabethville ilikuwa mji wa Union Minière, cité upande wake na muji ya bazungu upande wake. Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, akafungua atelier ambayo watu waliiita Le Hangar. Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa mtumishi wake Bela, Msara kutoka upande wa Tchad, ambaye alichora kwa ncha za vidole. Wakaja wengine, kati yao Pili Pili Mulongoy na Mwenze Kibwanga. Yule Mfaransa hakuwafundisha kuiga picha za Bulaya. Aliwakataza karibu. Aliwaambia waangalie pori, maji, nyama, ndege, na kila mmoja atafute mkono wake mwenyewe. Na kweli waliupata: samaki na ndege wa Pili Pili, juu ya uwanja wa vitone vidogovidogo, hawafanani hata kidogo na Mwenze, ambaye alijaza picha yote kwa mistari mifupi ya rangi za udongo. Mtu akiona mara moja, hawezi kuchanganya tena.

Hapa inafaa kuwa na haki. Wakati ule, muzungu wa kuwaambia wachoraji weusi “kichwa chako kinatosha” hakuwa wa kila siku. Lakini tukiangalia vizuri, aliyeamua nini ni Kiafrika ya kweli na nini si ya kweli alikuwa yeye. Aliogopa kwamba Bulaya itawaharibu, akawafungia mlango wa Bulaya bila kuwauliza kama wanataka kuingia. Firigisi aliila mzima, kwa upendo, lakini aliila. Na matunda yakaonekana: alipokufa mwaka wa 1954, Le Hangar haikubaki kama nyumba yenye uongozi wake. Wachoraji waliingizwa katika Académie des Beaux-Arts, ambayo Mbelgiji Laurent Moonens alikuwa ameianzisha mwaka wa 1951. Pili Pili na Mwenze walifundisha pale. Lakini tunauliza: katika miaka 8 ya Le Hangar, kuna aliyetayarishwa kushika ufunguo?

Kwa muziki mambo yalikwenda kidogo namna nyingine. Kwaya ya Croix de Cuivre ilianzishwa na padri Mbenedikto, Anschaire Lamoral, mwaka wa 1937, lakini humo Joseph Kiwele, mwalimu wa muziki, alipanda mpaka akawa mtunzi mwenyewe. Messe katangaise ni kazi yake. Kwamba baadaye siasa ilimchukua, akawa waziri wa Katanga ya Tshombe na akatunga wimbo wa taifa lile, hiyo ni habari nyingine, na ugomvi wake haujaisha hata leo katika nyumba nyingi.

Mchoraji ambaye sisi walimu wa historia tunampenda zaidi hakutoka Le Hangar wala Académie. Ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa hapa mwaka wa 1947. Alikuwa mmoja wa wale wachoraji wa cité waliouza picha za mamba muntu na za Colonie Belge, zile zilizotundikwa katika salon ya watu, juu ya kiti cha baba, na ambazo watu waliziita ukumbusho. Mwaka wa 1973 na 1974 alimletea Fabian picha 101, historia yote ya nchi tangu zamani mpaka Mobutu, na kwa kila picha akaeleza maneno yake. Alijiita mwanahistoria, na sisi tunakubali. Mgeni alinunua na kusikiliza, lakini mpango wa hadithi, nini kiingie na nini kiachwe, ulikuwa wa Tshibumba.

Lakini zile picha ziko wapi? Ziko Amsterdam, katika jumba la makumbusho ambalo zamani liliitwa Tropenmuseum. Na kitabu kilichotoka mwaka wa 1996 ni cha Kiingereza. Tshibumba mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, hatujui alikufa namna gani. Tunafundisha darasa la tano na la sita historia ya Kongo, na njia ya kuwaonyesha wanafunzi historia iliyochorwa na mtoto wa mji wao ni fotokopi isiyosomeka vizuri.

Kisha yakaja majira magumu ambayo kila mtu anayajua. Gécamines, ambayo watu waliiita baba na mama, iliporomoka miaka ya 1990. Mwaka wa 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka kwa ile Opération Départs Volontaires, na kama kweli walitoka kwa hiari yao, waulizwe wenyewe. Mishahara ya walimu pia, tusiseme sana. Ni katika tundu lile programu nyingi ziliingia. Hata jumba la Théâtre de la Ville, lililojengwa miaka ya 1950, lilikuwa limeitwa Bâtiment du 30 Juin na kupewa wabunge wa jimbo. Kuna wanaosema kwamba mchezo uliendelea, waigizaji tu ndio walibadilika.

Tuliwahi kushiriki katika programu moja ya namna ile, tusitaje jina. Tuliitwa walimu kadhaa na vijana wachoraji, wacheza ngoma, wa théâtre. Siku tatu katika ukumbi wa hoteli. Mfundishaji alitoka mbali, mtu mpole, alileta karatasi kubwa na kalamu za rangi, akatuambia tuchore “mti wa ndoto yetu”. Tukachora. Wakati wa mapumziko kijana mmoja wa Kenya, mwenye kupiga ngoma vizuri kabisa, akatuuliza: “Mwalimu, banakuya, banatufundisha kuongoza, banarudia kwabo. Sasa sisi tutaongoza nani?” Tulicheka wote. Siku ya tatu tukapewa brevet, kofia na franga za transport. Ile miti ya ndoto ilibaki ukutani mwa hoteli, na tunafikiri kesho yake mfagiaji aliitoa. Kosa si la mfundishaji peke yake. Na sisi tulinyamaza, sababu ya franga za transport.

Ndiyo maana tunatazama kwa hamu kazi mbili tatu ambazo zimekwenda njia nyingine.

Ya kwanza ni Mémoires de Lubumbashi, iliyoanza mwaka wa 2000. Waalimu wa Université de Lubumbashi, kama mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, walishirikiana na Bogumil Jewsiewicki wa chuo kikuu cha Laval, Canada. Waliwaendea watu wa mji wenyewe, wakakusanya maneno yao na vitu vya nyumbani, wakatengeneza maonyesho juu ya kazi, juu ya wanawake, mavazi na muziki. Mama ambaye hakuwahi kukanyaga makumbusho aliweza kuona kwamba kitu kama kile cha jikoni mwake ni historia.

Ya pili ni Picha. Mwaka wa 2008 Sammy Baloji, mpiga picha aliyezaliwa hapa mwaka wa 1978, na mwandishi Patrick Mudekereza na wenzao walianzisha Rencontres Picha, ambayo ikawa Biennale de Lubumbashi. Baloji alikuwa amekwisha kufanya ile kazi yake inayoitwa Mémoire: amekata wafanyakazi wa zamani kutoka picha za wakati wa Union Minière, amewasimamisha mbele ya mashine zilizokufa za Gécamines. Watu waliosimama uchi kwa minyororo, na nyuma yao chuma kilichooza. Wanafunzi wetu walipoiona, darasa lilinyamaza, jambo ambalo si la kawaida saa sita mchana.

Angalia lakini namna walivyopanga. Kila biennale inamwita mtu wa kuiongoza upande wa sanaa, na mara nyingi anatoka mbali: Simon Njami mwaka wa 2010, Elvira Dyangani Ose mwaka wa 2013, Toma Muteba Luntumbue, Mkongomani wa Ubelgiji, mwaka wa 2015, Sandrine Colard mwaka wa 2019. Mgeni anaitwa na nyumba, anafanya kazi yake, anapewa heshima, anaondoka, na nyumba inabaki. Le Hangar ilikuwa kinyume: nyumba ilikuwa ndani ya mgeni. Mudekereza naye anaongoza Waza, centre d'art nyingine hapa mjini. Na tazameni majina: Picha, Waza. Hayakutafutwa Paris wala Bruxelles.

Hatusemi kwamba mambo yamemalizika. Kwenye mabango ya maonyesho alama za wafadhili wa Bulaya ni nyingi kuliko za kampuni zinazochimba shaba na cobalt chini ya miguu yetu. Mwenye kulipa mfuko ana namna yake ya kuuliza firigisi bila kutaja jina lake. Na kuna watu wengi wa Katuba na Ruashi ambao hawajawahi kusikia neno biennale, hata wakipita mbele ya lango.

Kwa hiyo tuliwapeleka wanafunzi Makwacha. Ni kijiji kilicho kusini ya mji, upande wa mpaka wa Zambia, ambako ba mama wanapaka nyumba zao rangi kila mwaka wakati wa kiangazi. Wanachimba udongo wenyewe, mweupe, mwekundu, wa manjano, mweusi, wanachora ukutani, na mvua inapokuja inaosha. Mwaka unaofuata wanaanza tena. Wageni wengi wamepita pale, wapiga picha na wasanii. Tulimwuliza mama mmoja nani anaamua nini kichorwe. Alitutazama kama watu wasiosoma. “Si mwenye nyumba?” Binti yake, labda wa miaka 10, alikuwa nyuma yake, mikono yote miwili ndani ya ndoo ya udongo, na hakuna aliyemwambia atoke.

Tangu safari ile wanafunzi walitaka kupaka ukuta wa nyuma wa masomo. Mkuu wa masomo amekubali, kwa sharti matusi yasiwepo. Mambo ya rangi yamekwisha kutatuliwa: nusu tulinunua, nusu udongo. Wiki hii wanabishana, kwa Kiswahili na kwa sauti kubwa, juu ya nani atashika ufunguo wa sanduku la rangi, na mwanafunzi wa darasa la tano ataupata lini, sababu wale wa sita wanatoka mwezi wa saba. Waliomba mwalimu akate kesi. Tumekataa.