Hando ya shuka kuukuu si hando bandia

MSIMU wa tamasha za muziki za shule ukikaribia, baadhi ya mafundi wa cherehani wa Mariakani hushona hando kwa shuka za mitumba. Mwalimu mmoja aliniambia kwa uchungu kwamba hizo si hando, ati ni matambara. Kwamba wanafunzi wanacheza ngoma ya Wagiriama ndani ya takataka za Wazungu. Namwelewa, lakini historia haimuungi mkono.

Hando, lile vazi la kiunoni la wanawake wa Kigiriama lenye tabaka tele za kitambaa kilichokunjwa, imeshonwa miaka na miaka kwa pamba ya dukani. Pamba ya nani? Lugha yenyewe inajibu. Merikani ni kitambaa kilicholetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, hasa baada ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Seyyid Said. (Jina la Mariakani halitokani nacho, ingawa masikio hudanganya, wenyeji hulifasiri kwa mariaka, yaani podo za mishale.)

Na leso je? Neno ni la Kireno, lenço. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mkono kabla havijakatwa, wakaviunganisha sita sita, likazuka vazi jipya. Mombasa jina likabaki leso, Tanzania wakasema kanga. Nani leo atamwambia mama yake kwamba amejifunga vitambaa vya kufutia makamasi?

Mtumba nao ni furushi tu. Neno linataja mzigo, halisemi lolote kuhusu ubora wa kilichomo. Ila wachuuzi wana neno jingine, fagia: mabaki ya robota yasiyouzika, yaliyochanika au kuingia madoa. Mchuuzi ameyalipia bila kuyaona, na mwisho wake ni jaani. Hapo ndipo ningependa hasira ya mwalimu ielekee. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kukomesha mitumba ifikapo 2019. Marekani ilipobana, Kenya ikarudi nyuma. Rwanda ikakaza, na 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu ya ushuru ya AGOA.

Fundi niliyemtembelea hutenga shuka kwa kuzipapasa. Za poliesta huzirudisha kwa mchuuzi, maana mikunjo yake haikai, na hando isiyotuna kiunoni hakuna mchezaji atakayeikubali.