Mateso ya mahabusu (Uvira na kaskazini mwa Ziwa Tanganyika)

Mateso ya mahabusu ni kumtia mtu aliyekamatwa maumivu makali, ya mwili au ya akili, ili aungame, ataje wenzake au akomeshwe. Huko Uvira, mashariki mwa Kongo-Kinshasa, na kwenye ufuo wake, kuanzia Kavimvira mpakani mwa Burundi hadi Baraka upande wa kusini, suala hili haliachani na lingine: nani ameshika ufunguo wa kasho (chumba cha kufungia waliokamatwa), na je, yuko tayari kukiri hadharani kwamba anaushika?

Sheria ipo. Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso mwaka 1996. Ibara ya 18 ya Katiba ya 2006 inataka aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, awasiliane na jamaa zake au wakili, na saa 48 zikiisha aachiwe au afikishwe mbele ya mamlaka ya mahakama. Ibara ya 61 inakataza mateso hata nchi ikiwa katika hali ya dharura. Sheria namba 11/008 ya Julai 9, 2011 ikaweka adhabu: kifungo cha miaka 5 hadi 10, miaka 10 hadi 20 madhara yakiwa mazito au mwathirika akiwa mtoto, mjamzito au mzee, na kifungo cha maisha akifa.

Saa hizo 48 ndizo kiini cha yote. Kituo kikifuata sheria, jina huingizwa daftarini, maneno ya mshukiwa huandikwa kwenye prosevabali, husomewa mwenyewe, naye hutia sahihi au dole gumba. Chakula cha mahabusu kwa kawaida hutoka nyumbani. Kwa hiyo mama anayefika mlangoni na bugali na ndagala, akaambiwa mwanawe hayupo humo, mara nyingi ndiye wa kwanza kujua kwamba mtu ametolewa mikononi mwa sheria.

Hatari kubwa imo katika makasho yasiyokaguliwa na parke (ofisi ya mwendesha mashtaka), hasa ya idara ya upelelezi, ANR, na ya jeshi. Joseph Kabila aliamuru mwaka 2001 yafungwe. Félix Tshisekedi aliposhika madaraka mwaka 2019 aliahidi kufunga yale ya ANR. Marais wawili wakitoa neno lilelile kwa miaka 18, maana yake ni kwamba la kwanza halikutekelezwa, na aliyepuuza hakuulizwa.

Kamanyola, kaskazini mwa bonde la Ruzizi, ilionyesha jinsi kasho moja linavyoweza kuzaa maafa. Septemba 15, 2017, wakimbizi wa Burundi walikwenda kudai wenzao wachache waliokuwa wameshikiliwa na ANR, wakihofia watarudishwa kwao kwa nguvu. Askari wakafyatua risasi, wakimbizi zaidi ya 30 wakafa. Walikuwa wakiuliza hatima ya wenzao, swali ambalo Katiba inalitaka lijibiwe kabla ya saa 48 kuisha.

Anayesema ukweli naye huadhibiwa. Floribert Chebeya, mtetezi wa haki za binadamu, aliitwa makao makuu ya polisi Kinshasa mwezi Juni 2010, akakutwa amekufa. Oktoba 2014 serikali ilimfukuza Scott Campbell, mkuu wa ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo, baada ya ripoti kuhusu mauaji ya polisi katika operesheni Likofi dhidi ya magenge. Kukiri huchelewa hata kwingineko: Uingereza ilichukua zaidi ya miaka 50 kukiri mateso ya kambi za Mau Mau nchini Kenya. Mwaka 2013 ilieleza masikitiko yake bungeni na kukubali kuwalipa fidia waathirika zaidi ya 5,000. Wengine wengi walikuwa wameshazikwa.

Kwamba haki haiwezekani huku si kweli. Februari 2011 mahakama ya kijeshi ilihamia Baraka, ikawasikiliza wanawake wa Fizi waliobakwa na askari, na kumfunga kamanda wao, Luteni Kanali Kibibi Mutware, miaka 20. Hiyo haikuwa kesi ya mahojiano, lakini ilithibitisha kwamba mkubwa anaweza kujibu mbele ya wale aliowadhulumu, papo hapo ziwani.

Sheria ya 2011 inamlenga mtumishi wa umma na anayetenda kwa agizo au ridhaa yake; muasi hamo. Pengo hilo ni zito tangu vita vya waasi wa M23 viliposhuka hadi Uvira Desemba 2025. Mei mwaka huohuo Amnesty International ilikuwa imetoa ripoti kuhusu mateso katika mahabusu za kundi hilo Goma na Bukavu. Hata hivyo mateso ya vitani ni uhalifu wa kivita kwa Mkataba wa Roma wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ambao Kongo iliuridhia mwaka 2002, na humo muasi na askari wako sawa.

Yeyote atakayeitawala Uvira, awe wa serikali au wa bunduki, anadaiwa kutaja kila kasho analolisimamia, kuwafungulia waendesha mashtaka milango, na kutangaza majina ya wanaohoji humo.