Mbawakawa wachimbao majani ya mpunga: kwa nini jina lina uzito

Mkulima wa mpunga akikuta mistari myembamba, myeupe, iliyofuata mishipa ya majani ya miche yake kitaluni, anatazama alama ya mdomo wa mbawakawa mdogo mwenye rangi ya giza na miiba mgongoni, ambaye urefu wake haufiki hata nusu sentimita. Mdudu mzima hukwangua uso wa jani. Mtoto wake, yaani buu, huishi ndani ya jani lenyewe, baina ya ngozi ya juu na ngozi ya chini, akila nyama ya kijani iliyo katikati. Alikopita hubaki baka lililopauka, na jani likielekezwa kwenye jua huonekana kivuli cha buu akiwa amejilaza humo. Humo humo ndimo anamogeuka kuwa pupa, na hatimaye hutoboa na kutoka akiwa mbawakawa kamili.

Vitabu vingi vya kilimo humtaja mdudu huyo kwa jina moja tu: hispa. Jina hilo ni jepesi kulikumbuka, lakini wanaoitwa hivyo ni wengi. Kwa wakulima wa Afrika Mashariki, ambako baadhi ya wadudu hawa hubeba ugonjwa usiokuwa na tiba, kuwachanganya kunaweza kugharimu mavuno ya msimu mzima.

Kapu moja lililojaa

Carl Linnaeus, mtaalamu wa Sweden ambaye mtindo wake wa kukiita kila kiumbe kwa majina mawili ndio unaotumiwa na wanasayansi hadi leo, alilichapisha jina Hispa mwaka 1767. Wakati huo lilitosha, kwa sababu Ulaya ina spishi chache mno za mbawakawa hawa wa miiba. Vielelezo vilipoanza kumiminika kutoka Afrika, Asia na Amerika katika karne ya 19, kapu hilo moja lilifurika. Ikabidi wadudu waliokusanywa humo wagawanywe upya.

Mwaka 1875 Mbelgiji Félicien Chapuis aliitenga jenasi ya Trichispa. Mwaka 1897 Raffaello Gestro, wa makumbusho ya elimu ya viumbe mjini Genova, Italia, aliianzisha Dicladispa, na mwaka huo huo Mjerumani Julius Weise, aliyekuwa mwalimu wa shule, akaianzisha Dactylispa. Majina yote hayo yamebakiza mkia wa "-ispa", mithili ya ukoo ambao wajukuu wake wametawanyika lakini hawakuliacha jina la babu.

Spishi inayosumbua zaidi mpunga barani Afrika ni Trichispa sericea. Aliyeieleza kwa mara ya kwanza ni Mfaransa Guérin-Méneville, mwaka 1844, naye aliiita Hispa sericea. Neno la pili ni la Kilatini, na maana yake ni "yenye hariri". Sehemu ya mwanzo ya jina la jenasi inatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya unywele. Katika maandishi ya kitaalamu jina hilo huandikwa Trichispa sericea (Guérin-Méneville, 1844). Mabano hayo hayakuwekwa kwa urembo. Yanamjulisha msomaji kwamba mtu huyo ndiye aliyeipa spishi jina lake, lakini baadaye ilihamishiwa jenasi nyingine. Anayetafuta habari zake katika ripoti za kale anapaswa, kwa hiyo, kuitafuta pia chini ya Hispa.

Mabano hayo wakati mwingine huficha jambo la kuchekesha. Mwaka 1877 Chapuis aliieleza spishi ya Madagascar na kumtunukia Gestro kwa kuiita gestroi. Miaka 20 baadaye Gestro akaianzisha Dicladispa, na spishi iliyobeba jina lake ikaishia katika jenasi aliyoiunda mwenyewe.

Je, wataalamu huzitofautishaje jenasi hizi, ilhali kwa macho matupu wadudu wote ni vipande vyeusi vyenye miiba? Hutumia kioo cha kukuzia na kuanzia kwenye bamba la mgongoni lililo nyuma tu ya kichwa. Dactylispa huwa na miiba kwenye ukingo wa mbele wa bamba hilo. Dicladispa haina miiba hapo. Yake imepangwa pembeni. Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo kupita kiasi, lakini ndiyo iliyowawezesha watafiti kueleza kwa uhakika ni mdudu gani hasa waliyemkuta shambani.

Ugonjwa uliogunduliwa karibu na Kisumu

Mwaka 1966, huko Otonglo karibu na mji wa Kisumu, nchini Kenya, ulionekana mpunga uliogeuka rangi kwa namna isiyo ya kawaida. Majani yalikuwa na madoadoa ya kijani na manjano, mimea imedumaa, na masuke hayakujaa. Mtafiti wa Kiholanzi, W. Bakker, alieleza mwaka 1970 kwamba chanzo chake ni virusi vinavyoweza kuambukizwa kwa utomvu wa mmea mgonjwa kugusa jeraha la mmea mzima. Nchini Tanzania ugonjwa huo unajulikana kwa jina la kimyanga.

Katika miaka iliyofuata Bakker alionyesha kwamba mbawakawa walao majani ni miongoni mwa wasambazaji wake. Katika orodha yake wamo wachimba-majani wawili, Trichispa sericea na Dicladispa viridicyanea, pamoja na mbawakawa wengine wasiochimba majani, kama Sesselia pusilla. Madagascar, katika miaka ya 1990, iliongezwa Dicladispa gestroi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, utafiti uliofanywa Tanzania, ambao wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine mjini Morogoro walishiriki, ulimwongeza msambazaji mwingine, Dactylispa lenta.

Msomaji ataona kwamba jenasi zote tatu zilizotoka katika kapu la kale zimo katika orodha hiyo. Lau watafiti wangeandika "hispa" na kuishia hapo, kazi ya Kenya, ya Madagascar na ya Tanzania ingeonekana kuwa habari moja iliyorudiwa mara tatu. Kumbe ni wadudu wanne tofauti, na si lazima wote waishi katika nyasi zile zile pale mpunga unapokuwa haumo shambani. Mdudu anayejificha kwenye magugu ya mferejini hadhibitiwi kwa kusafisha upande mwingine wa shamba.

Ni vyema pia kufahamu ni nani hasa mwenye kubeba virusi. Buu anayechimba hamo mbioni. Maisha yake hupita ndani ya jani. Mwenye kuruka kutoka mche hadi mche, akikwangua hapa na pale, ni mbawakawa mzima. Mdomo wake huvitoa virusi katika mmea mmoja na kuvitia katika jeraha jipya kwenye mmea mwingine. Wala si yeye peke yake: mundu, mikono ya wavunaji na wang'oaji miche, ng'ombe wapitao majarubani na panya, wote wamethibitika au kutajwa kuwa njia za maambukizi. Mbegu hazimo katika orodha hiyo.

Shauri linalofaa Asia

Athari ya jina lililochanganywa hudhihirika zaidi pale ushauri unapovuka bahari. Huko Bangladesh, India na nchi jirani kuna mbawakawa mashuhuri aitwaye Dicladispa armigera, aliyepewa jina la pili na Mfaransa Olivier mwaka 1808. Kwa Kiingereza huitwa hispa wa mpunga, na Trichispa sericea wa Afrika naye huitwa kwa jina lilo hilo. Wa Asia hutaga mayai yake karibu na ncha za majani. Kwa sababu hiyo, mojawapo ya mashauri yanayotolewa huko ni kukata ncha za majani ya miche kabla ya kuipandikiza, ili mayai na mabuu yaondoke nazo.

Kwa mkulima wa Asia shauri hilo ni la busara na halina gharama. Lakini kimyanga ni ugonjwa wa Afrika, na virusi vyake huenea kwa utomvu. Wembe mmoja ukipitishwa kwenye kitalu chenye miche kadhaa iliyoambukizwa, unaweza kuifanya kazi ile ile ya mdomo wa mbawakawa, tena kwa kasi zaidi. Mtu aliyesoma "hispa" katika ukurasa wa intaneti ulioandikwa kwa ajili ya mabonde ya Bengal, akampigia simu ndugu yake Mwea au Kilombero kumweleza la kufanya, atakuwa na nia njema na ushauri wa hatari.

Vivyo hivyo kuhusu kiasi cha wadudu. Panapokuwa hakuna virusi, mbawakawa wachache kitaluni ni usumbufu mdogo, kwani mpunga huota majani mengine. Penye kimyanga, idadi hiyo hiyo ndogo, isiyoacha hata dalili kubwa kwenye majani, yatosha kuuanzisha ugonjwa.

Hispinae au Cassidinae?

Mkanganyiko mwingine uko ngazi ya juu zaidi. Wachimba-majani hawa wamo katika familia ya Chrysomelidae, yaani mbawakawa walao majani. Kwa muda mrefu waliwekwa katika nusufamilia yao wenyewe, Hispinae, ilhali mbawakawa wenye umbo la kobe waliwekwa katika Cassidinae. Kwa sura ni vigumu kuamini kuwa ni ndugu: huyu ni mwembamba mwenye miiba, yule ni wa mviringo na mgongo wake umefunika kichwa na miguu kama ngao. Hata hivyo Chapuis, mwaka 1875, alikwisha kuyaweka makundi hayo pamoja kwa kuwa vinywa vyao vimefichika chini ya kichwa. Mwaka 1919 Samarendra Maulik, mtaalamu kutoka India, aliyashughulikia yote mawili katika kitabu kimoja kuhusu wadudu wa Bara Hindi.

Uchambuzi mpana wa Caroline Chaboo, uliochapishwa Marekani mwaka 2007, uliipa nguvu hoja ya kuyaunganisha. Mbawakawa-kobe wanaonekana kuwa tawi lililochipuka kutoka miongoni mwa hao wa miiba. Ukiwaondoa na kuwapa nyumba yao, waliobaki si ukoo kamili tena, bali ni baba na baadhi ya watoto tu.

Kanuni za kutaja wanyama kwa kawaida hulipa haki jina lililotangulia kuchapishwa. Hapa palikuwa na kikwazo kisicho cha kawaida, kwani majina yote mawili yalitolewa na mtu mmoja katika kazi moja: Leonard Gyllenhal wa Sweden, mwaka 1813. Hakuna lililotangulia. Katika hali hiyo kanuni huamua kwamba uteuzi wa mtafiti wa kwanza atakayeyaunganisha na kuchagua ndio utakaofuatwa. Lililodumu ni Cassidinae, nayo sasa ina takriban spishi 6,000. Jina Hispinae halikufa mara moja. Limo katika maelfu ya kurasa za zamani, na wapo wanaolitumia mpaka leo. Kwa maoni ya mwandishi huyu, uamuzi huo ni sahihi kisayansi lakini una usumbufu kwa maofisa wa ugani, ambao sasa hawana budi kuyatafuta yote mawili.

Mchikichi nao umepitia mkasa wa aina hii. Katika Afrika Magharibi, mbawakawa mchimba-majani ambaye huyakausha makuti ya michikichi katika mashamba makubwa ya Côte d'Ivoire, Ghana na Benin, kwa miongo mingi aliandikwa kuwa Coelaenomenodera elaeidis, na baadaye C. minuta. Ilikuwa mwaka 1999 tu ambapo Nicole Berti na Dominique Mariau walipoeleza kwamba mharibifu huyo ni spishi ambayo haikuwa na jina. Wakaiita lameensis, kwa heshima ya kituo cha utafiti cha La Mé, nchini Côte d'Ivoire. Mdudu aliyepigwa dawa miaka nenda miaka rudi alikuwa hajasajiliwa!

Vielelezo viko mbali

Kielelezo ambacho jina la spishi limefungwa kwacho hutunzwa katika makumbusho, na kwa spishi nyingi za Afrika makumbusho hayo yako Ulaya: London, Paris, Genova, Tervuren nchini Ubelgiji. Mtaalamu wa Nairobi au Morogoro mwenye shaka juu ya mdudu wake mara nyingi hana budi kusafiri au kutuma picha na sampuli. Afrika Mashariki nayo ina hazina zake. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yana mkusanyiko mkubwa wa wadudu, na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970 jijini Nairobi, kina kitengo kinachoshughulikia utambuzi.

Anayetaka kupeleka sampuli afahamu kwamba buu peke yake ni vigumu kutajwa jina. Njia rahisi ni kulikata jani lenye baka, mbali na kitalu, kulitia katika chupa iliyofungwa kwa kitambaa na kuliacha kivulini. Kwa kuwa mdudu hugeuka humo humo ndani ya jani, baada ya siku chache mbawakawa huweza kutoka mwenyewe. Huyo ndiye wa kutiwa katika spiriti, pamoja na kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli, kwani wino huyeyuka: mahali, tarehe, na jina la mmea alikotoka.